Maisha ya Sondre Norheim, Fundi wa Kuteleza Juu ya Theluji

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za mtu mmoja wa nchi ya Norwe, jina lake Sondre Norheim. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakuandika vitabu. Alikuwa maskini aliyekaa katika shamba la mtu mwingine, na kazi ya mikono yake ilikuwa useremala. Walakini katika nchi nyingi zenye theluji watu hufuata leo njia aliyoionyesha yeye, na wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Maisha yake yafaa kufikiriwa, kwa maana alipewa kipawa kikubwa, na kipawa hicho hakikumpa mkate.

Kwanza imetupasa kueleza jambo lenyewe. Wasomaji wetu wakaao chini ya Kilimanjaro huiona theluji ya Kibo kwa mbali, na wengine hawajaiona kabisa. Katika milima ya Norwe theluji huanguka mpaka mlangoni mwa nyumba. Hufunika mashamba na njia kwa muda wa miezi mingi, na mahali pengine hupita kiuno cha mtu. Atakaye kwenda kwa miguu huzama, huchoka upesi, na akichelewa njiani baridi yaweza kumwua. Kwa hiyo tangu zamani za kale wenyeji walijifunza kuchonga mbao mbili ndefu, nyembamba, zenye ncha zilizopinda kwenda juu, wakazifunga chini ya viatu vyao. Uzito wa mtu ukienezwa juu ya ubao mrefu, hazami, bali hupita juu ya theluji kama mtumbwi upitavyo juu ya maji. Mbao hizo huitwa skii, na asili ya neno hilo katika lugha yao ya kale ni kipande cha ubao uliopasuliwa. Skii zilizofukuliwa katika matope ya nchi za kaskazini zimeonekana kuwa na umri wa maelfu ya miaka. Basi, ijulikane kwamba Sondre hakuvumbua skii. Alizikuta kwa baba zake, kama kijana wa pwani akutavyo ngalawa. Sifa yake ni kwamba alizitengeneza upya, akawafundisha watu kuzitumia kwa namna ambayo haikujulikana kwanza.

Sondre alizaliwa tarehe 10 Juni mwaka 1825, mahali paitwapo Øverbø, katika bonde la Morgedal, jimbo la Telemark, kusini mwa Norwe. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ndogo, imejengwa kwa magogo, na ndani yake palikuwa na meko ya mawe. Mpeni kumbukumbu msomaji ayatie moyoni meko hayo, maana tutayataja tena mwishoni. Mwaka ule ule wa 1825, mwezi wa Julai, merikebu ndogo iitwayo Restauration iling'oa nanga katika bandari ya Stavanger, imechukua watu 52 waliokwenda kutafuta maisha Marekani. Hao walikuwa wa kwanza kuhama Norwe kwa kundi lililopangwa. Nyuma yao, katika muda wa miaka mia moja, watu zaidi ya 800,000 waliifuata njia ile. Hakuna aliyeweza kujua siku zile kwamba mtoto wa Øverbø naye angekuwa mmoja wao katika uzee wake.

Bonde la Morgedal lina miteremko pande zote, na mtoto wa huko hujifunza skii karibu na wakati ajifunzapo kutembea. Sondre aliwapita wenzake wote tangu utotoni. Wazee wa bonde walisimulia kwamba hakuona ukuta wala mwamba bila kutaka kuuruka, na ya kuwa aliteremka hata kutoka juu ya mapaa ya nyumba, yaliyofunikwa na theluji. Habari za namna hii huongezeka chumvi kila zisimuliwapo. Lakini zatuonyesha jinsi jirani zake walivyomwona: mtu asiyeogopa, mwenye furaha, apendaye mchezo.

Alipokuwa mtu mzima alimwoa Rannei Åmundsdotter, mwaka 1854. Hawakuwa na shamba lao wenyewe. Siku zile katika Norwe wako watu wengi waliokaa katika kipande kidogo cha ardhi ya mwenye shamba, wakalipa kwa kumfanyia kazi siku kadha wa kadha za mwaka. Mtu wa namna hiyo alilima viazi vyake na kufuga mnyama mmoja au wawili, tena alitii aitwapo. Sondre alikuwa mmoja wao. Kipande alichokaa kiliitwa Norheim, na kwa desturi ya nchi ile jina la mahali likawa jina la mtu. Watoto walizaliwa, na chakula kilikuwa haba. Sondre alichonga skii na vyombo vingine vya mti ili kupata fedha kidogo. Walakini watu wa bonde walijua kwamba theluji ikianguka nzuri, na watoto wakipiga kelele mlimani, ilikuwa vigumu kwake kubaki karakanani. Huenda wengine walimlaumu kwa jambo hilo. Mwenye familia maskini aonekanapo akicheza na watoto, jirani hawakosi neno.

Lakini katika mchezo huo alikuwa akifanya kazi ya fikira. Zamani mbao za skii zilifungwa mbele tu, kwa kitanzi kilichoshika vidole vya mguu. Kisigino kilikuwa huru, nao ubao uliweza kupinduka au kutoka mguuni. Mtu aliweza kwenda tambarare na kuteremka polepole. Lakini hakuweza kugeuka kwa nguvu, wala kuruka na kufika chini akiwa bado na mbao zake. Kwa hiyo wengi walichukua fimbo moja nene na ndefu, wakaiegemea nyuma yao ili kupunguza mwendo, karibu kama mtu aliyepanda farasi wa mti.

Sondre alitwaa vijiti laini vya miti, akavisokota kama kamba, akavizungusha kutoka mbele ya kiatu hata nyuma ya kisigino. Vijiti hivyo vilikuwa vigumu vya kutosha kuushika mguu, tena vilinyumbulika vya kutosha kukiacha kisigino kiinuke. Tangu hapo mguu na ubao ulikuwa kama kitu kimoja. Mtu akielekeza goti, ubao ulitii. Tena alichonga skii zilizo fupi kuliko za wengi, akazipunguza upana katikati, zikawa nyembamba kidogo kiunoni kuliko mbele na nyuma. Sababu yake ni hii: ubao wenye kiuno ukilazwa upande, ukingo wake huchora mviringo juu ya theluji, nao humpeleka mtu katika mviringo ule bila kutumia nguvu nyingi. Mpaka leo skii za kuteremkia milimani huchongwa kwa kufuata kanuni hiyo.

Basi kwa vifaa hivi Sondre aliweza kufanya mambo yaliyowashangaza watu. Aliteremka akipinda huku na huku kati ya miti na mawe, akaruka juu ya ukingo, akashuka chini amesimama, kisha akageuka ghafula, akakaa kimya palepale alipotaka. Namna moja ya kugeuka, ambayo mguu mmoja hutangulia na goti la pili huinama, huitwa Telemark hata leo katika nchi zote, kwa ajili ya jimbo lao. Neno jingine la huko ni slalåm, maana yake njia ya skii inayofuata mteremko. Katika lugha nyingi limekuwa slalom, jina la mashindano ya kupita kati ya milingoti, na wachezaji wengi hawajui kwamba ni neno la wakulima wa Telemark.

Mwaka 1868, mwezi wa Februari, mashindano ya skii yalitangazwa katika mji mkuu, ulioitwa wakati ule Christiania, nao tangu mwaka 1925 unaitwa tena Oslo. Sondre alikuwa na umri wa miaka 42. Hakuwa na fedha ya safari. Alivaa skii zake, yeye na wenzake wawili, wakavuka nchi kwa muda wa siku tatu, mwendo wa kilometa karibu 200. Kisha, bila kupumzika sana, akaingia katika mashindano pamoja na vijana ambao angeweza kuwa baba yao.

Watu wa mjini walikuwa wamekusanyika kutazama. Walizoea kuona waendeshaji skii wakiegemea fimbo zao nene. Mtu huyu wa bondeni alishuka wima, mikono yake huru, akaruka, akafika chini, akageuka na kusimama. Wasimamizi walimpa tuzo ya kwanza, na magazeti yakaandika habari zake. Mwaka ule ule, huko Telemark, aliruka meta 19 na nusu, na kwa miaka kadha wa kadha hapakuwa na aliyemzidi. Siku hizi waruka skii hupita meta 200, kwa sababu vilima hujengwa kwa ajili yao na vifaa vimebadilika. Walakini aliyefungua mlango ni yule aliyeruka meta 19 na nusu kwa viatu vya ngozi na vijiti vilivyosokotwa.

Hapa msomaji aangalie jambo moja. Mtu aliyegundua siri ya namna hii angeweza kuificha, ili awe peke yake mshindi kila mwaka. Sondre hakufanya hivyo. Aliwakusanya vijana wa Morgedal mlimani, akawaonyesha jinsi ya kusokota vifungo, jinsi ya kuchonga, jinsi ya kuanguka bila kuvunjika na kuinuka tena. Aliwatia moyo wafanye mashindano bondeni kwao, nao walio hodari wakatoka kwenda kushindana mbali. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwako ndugu wawili, Torjus na Mikkjel Hemmestveit. Hao, mwaka 1881, walianza kuwafundisha watu wa Christiania kwenda kwa skii kwa namna ya Telemark. Hivyo mafundisho ya maskini mmoja yalifika mjini, na kutoka mjini yakaenea nchi yote.

Lakini tuzo haikulipa deni, wala sifa haikununua shamba. Miaka ile ilikuwa migumu kwa watu wasio na ardhi. Vijana waliondoka bondeni mwaka kwa mwaka, barua zikaja kutoka Marekani kusema kwamba huko mtu aweza kulima ardhi yake mwenyewe. Watoto wakubwa wa Sondre walikuwa wametangulia. Hata mwaka 1884, Sondre na Rannei pamoja na watoto waliosalia waliaga Morgedal. Alikuwa na umri wa karibu miaka 59. Ni umri ambao wengi wetu hutaka kukaa kwetu, tukihesabiwa heshima kwa yale tuliyoyafanya ujanani. Yeye aliiacha milima iliyomjua, akashika njia ya bahari.

Walifika kwanza katika jimbo la Minnesota, kisha wakaenda mbele zaidi, mpaka wilaya ya McHenry katika nchi ya Dakota, ambayo sehemu yake ya kaskazini ikawa jimbo la North Dakota mwaka 1889. Kwa sheria ya mwaka 1862 serikali ya Marekani ilimpa mhamiaji haki ya kuomba eka 160, akikubali kukaa na kulima kwa muda wa miaka 5. Hatupaswi kusahau kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu tangu asili. Yalikuwako mataifa ya wenyeji waliowinda na kuishi humo, nao walisukumwa mbali ili wageni wapate nafasi. Wahamiaji maskini walipewa kile ambacho maskini wengine walinyang'anywa.

Sasa fikiri moyo wa mzee huyu. Nchi ya Dakota ina theluji nyingi, na baridi yake ni kali kuliko ya Morgedal. Lakini ni tambarare. Jicho laweza kutazama mpaka upeo wa mbingu bila kukuta mlima. Mtu aliyeweza kushuka mteremko kuliko wote alikuwa amefika mahali pasipo na miteremko ila vilima vidogo. Hata hivyo yasimuliwa kwamba hakuziacha skii zake, bali alizisimamisha kando ya mlango wa nyumba, na theluji ilipoanguka alizivaa, akaenda nazo.

Katika uhamisho ule watu wa Norwe hawakuwa na mchungaji karibu, wala kanisa, wala shule. Walikutana kwanza katika nyumba zao. Kisha wakaunda usharika wa Kilutheri, wakauita kwa jina la nchi yao, Norway, karibu na mahali paitwapo Denbigh. Sondre alikuwa mmoja wa wale waliosaidia kuuanzisha. Yule ambaye watu wa Christiania walimshangilia, alikuwa sasa mzee mmoja kati ya wazee wa usharika mdogo wa nyikani. Wasomaji wetu waalimu, ambao wamewahi kuona usharika ukianza chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, watajua bila kuelezwa ni kazi gani iliyomo humo, na jinsi isivyoandikwa magazetini.

Alifariki tarehe 9 Machi mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 71, akazikwa katika makaburi ya usharika ule. Hapakuwa na jiwe lenye jina lake. Majani yaliota juu ya kaburi, walioshuhudia maziko wakafa mmoja mmoja, hata mahali penyewe pakasahauliwa na wengi.

Lakini wakati kaburi lilipokuwa likisahauliwa, kazi yake ilikuwa ikitembea. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen na wenzake watano waliivuka Greenland kwa skii, kutoka mashariki hata magharibi, na kitabu alichokitoa mwaka 1890 kiliwafanya watu wengi wa Ulaya kutaka kujifunza skii. Ndugu wale wawili wa Hemmestveit nao walihamia Marekani, wakaonyesha huko namna ya kuruka ya Telemark. Na tarehe 14 Desemba mwaka 1911, Roald Amundsen alipofika Ncha ya Kusini ya dunia, kwanza kuliko watu wote, walikuwako watu wanne pamoja naye. Mmoja wao aliitwa Olav Bjaaland, seremala na mwendeshaji skii hodari. Naye alikuwa mzaliwa wa Morgedal. Tazama jinsi bonde moja dogo lilivyofika mwisho wa dunia.

Mwaka 1952 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanywa Oslo. Watu wa Norwe waliwaza moto wa michezo uwashwe wapi. Hawakuchagua jumba la mfalme wala uwanja wa mji. Walikwenda Morgedal, katika nyumba ile ya magogo, wakauwasha katika meko ambayo kando yake Sondre alizaliwa. Kisha waendeshaji skii 94 waliuchukua kwa kupokezana, mwendo wa kilometa karibu 225, wakaelekea mji ule ule alioufikia Sondre kwa siku tatu. Mwaka 1960, michezo ilipofanywa huko California, moto uliwashwa tena Morgedal; na kabla ya michezo ya Lillehammer ya mwaka 1994 watu wa Norwe waliwasha moto humo mara ya tatu. Katika miaka ya 1960 kaburi lake huko Dakota nalo lilikumbukwa, likapata alama yake. Leo ziko sanamu zake Morgedal kwao, na katika mji wa Minot, North Dakota.

Basi, ndugu wasomaji, tuseme nini juu ya mtu huyu? Wako watakaosema kwamba mwisho alishinda, kwa kuwa amejengewa sanamu. Lakini sanamu hazikumlisha Rannei wala watoto wake, naye mwenyewe hakuziona. Tukimpima kwa yale aliyoyapata akiwa hai, tutaona tuzo chache, shamba la mwingine, bahari, na nchi tambarare. Tukimpima kwa yale aliyoyatoa, hesabu ni nyingine kabisa. Alikuwa na kitu kimoja alichokijua vizuri kuliko watu wote, naye akawapa watoto wa jirani bila kudai bei. Watoto wale wakawapa wengine, na wengine wakawapa wengine, hata kikafika mahali ambapo yeye asingefika kamwe.

Wengi wetu twafundisha watoto wa watu kwa ujira mdogo, au bila ujira, na usiku twajiuliza kama kazi yetu itabaki. Sondre Norheim naye hakupewa jibu la swali hilo katika siku zake. Alizisimamisha skii zake kando ya mlango, akangoja theluji, na ilipoanguka akatoka tena.